Mabango Kwenye Kona ya Namba Sita

Saa kumi na moja na nusu alfajiri uwanja wa mabasi ya shule wa Tunkett, Pennsylvania, bado ni giza, na Arlette Strohm analizunguka basi lake akiwa na nyundo mkononi. Anagonga tairi, anasikiliza, anahamia jingine. Anainama chini ya bampa, anavuta mlango wa dharura, anawasha taa zote nyekundu kisha anarudi nyuma kidogo kuzitazama.

"Tairi lenye upepo linajibu," anasema. "Lililolegea linanung'unika tu. Nina mmoja wa hivyo nyumbani."

Kando ya lango madereva wawili wanavuta sigara ya mwisho kabla ya kazi. Mmoja wao, mzee mnene anayeitwa Chester, anapaza sauti.

"Mheshimiwa mjumbe! Vipi, leo chama kimekutuma ukaoshe nini?"

"Kimenituma nikuoshe wewe, Chester. Ila sabuni haitatosha."

Wanacheka wote, na Arlette naye anacheka. Akishapanda ngazi za basi na kufunga mkanda, uso unabadilika.

"Utani wa Chester hauniumi," anasema huku akiwasha injini. "Kinachoniuma ni kwamba anasema kweli."

Mama huyu wa miaka hamsini na nane ameendesha basi la shule miaka kumi na tisa. Analipwa dola ishirini na mbili kwa saa, saa tano kwa siku, na shule zikifungwa majira ya joto halipwi hata senti. Ndani ya basi hilo yeye ndiye serikali. Mtoto akisimama kabla ya basi kutulia, Arlette hahitaji kugeuka. Anatazama kioo cha juu tu, na mtoto anakaa.

Kituo cha tano ni Namba Sita. Pale palikuwa na mgodi zamani. Mgodi ulifungwa, namba ikabaki, na watu wakabaki nayo. Nyumba ziko upande mmoja wa barabara kuu, mlima wa taka za makaa uko upande wa pili, na katikati kuna kona kali ambayo malori ya kokoto huikata kama yanakimbizwa. Hakuna njia ya miguu. Watoto saba wamesimama kati ya mstari mweupe na kizuizi cha chuma, mahali ambapo mtu mzima akinyoosha mkono atagusa lori.

Arlette analileta basi taratibu mpaka linabana barabara yote, anawasha taa nyekundu, ambazo kisheria zikiwaka kila gari lazima lisimame, anafungua mlango. Nyuma yake lori linapiga honi. Hageuki.

"Bi Arlette, umechelewa," anasema msichana wa kwanza kupanda.

"Sijachelewa, saa yako imeamka vibaya. Ingia, kaa."

Anawahesabu kwa midomo. Wakitimia saba ndipo mlango unafungwa.

Ni kona hii iliyomwingiza Arlette kwenye siasa. Miaka sita iliyopita, siku ya ukungu, kioo cha pembeni cha lori kilinasa begi la mtoto mmoja na kuling'oa mgongoni. Mtoto alibaki amesimama. Begi lilikwenda na lori, na likapatikana siku ya pili mbali kabisa, limepasuka.

Arlette alikwenda ofisi ya kitongoji kuomba kizuizi kisogezwe nyuma na pajengwe sehemu ya watoto kusimama. Akaambiwa bajeti hakuna. Alipokuwa akitoka, karani mmoja alimfuata hadi mlangoni na kumnong'oneza. Mambo ya barabara yanaamuliwa na madiwani, alisema karani, na hapa kwetu madiwani wanaamuliwa na chama. Kaanzie huko, mama.

Chama gani? Sioni haja ya kukitaja. Kaunti hii ina vyama viwili, na kila kimoja kikisoma habari hii kitadhani kinasemwa kingine. Inatosha kujua kwamba katika kitongoji chetu chama kimoja ndicho kinachoshinda, kwa hiyo mgombea akishapitishwa na kamati ya chama mwezi wa Februari, uchaguzi wa Novemba ni wa kutimiza desturi tu.

Arlette akapanda ngazi za ofisi ya chama, chumba kilicho juu ya duka la mazulia, akasema anataka kujitolea. Aliyempokea ni Dolly Hudak, katibu wa kamati, mama mchangamfu wa miaka sabini anayemwita kila mtu mpenzi.

"Wewe ni wa kwa nani, mpenzi?" aliuliza Dolly.

"Strohm."

"Strohm wa wapi? Sijui Strohm mimi."

"Tulihamia. Tumetoka ng'ambo ya mlima."

"Aaa," akasema Dolly.

Arlette anaiiga vizuri sana ile aaa. Anaivuta, anaishusha, halafu anafunga mdomo. Wakati ule alikuwa ameishi Tunkett miaka kumi na sita. Ng'ambo ya mlima ni mwendo wa nusu saa kwa gari, na barabara nzuri. Lakini kule ni kwa wakulima wa Kidachi, wajukuu wa Wajerumani, na huku ni kwa watu wa migodi ya makaa, na mimi niliyezaliwa huku naweza kusema bila woga: kwetu mtu wa ng'ambo ya mlima ni mgeni mpaka afe, na akifa watu wanauliza mbona hakuzikwa kwao.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Arlette alipewa jembe siku ile ile. Alipewa rundo la vipeperushi na barabara ya kugonga milango, na barabara yenyewe ilikuwa ile ya juu kilimani ambako kila nyumba ina mbwa na nusu ya nyumba hazina watu. Aliimaliza. Mwaka uliofuata akapewa hiyo hiyo.

"Nikasema labda ndiyo mtihani," anasimulia akiwa jikoni kwake, baada ya zamu ya asubuhi, akimimina kahawa. "Kila kazi mpya ina mtihani. Nikasema nitafaulu, halafu watanizoea."

Akapanga viti. Akakunja viti. Akapigilia mabango ya wagombea chini kwa nyundo yake ya kugongea matairi, na baada ya uchaguzi akayang'oa, kwa sababu wenzake walikuwa wamechoka kusherehekea. Petroli ilikuwa yake. Fulana za kampeni zilipogawiwa, kila mwaka ya saizi yake ilikuwa imekwisha, hadi mwisho akaacha kupanga foleni.

Usiku mmoja wa ushindi, watu wote wa kamati walijipanga mbele ya pazia kupiga picha. Arlette naye akasogea, akajibana pembeni. Ndipo mwenyekiti, Leonard Wasko, akanyoosha simu yake kumwelekea.

"Mama, hebu tupige wewe. Una mkono mtulivu."

Picha hiyo imetundikwa ofisini hadi leo. Nimeiona. Kila mtu aliyejitolea mwaka ule yumo isipokuwa yeye aliyeipiga, na imetulia kweli, haikutikisika hata kidogo.

Mumewe, Gary, ni fundi wa mashine, mtu wa maneno machache. Wakati wa mazungumzo yetu alikuwa ameegemea friji akila mkate.

"Mimi nilimwambia mapema," alisema Gary. "Hata mbwa ukimpiga teke anahama kibaraza. Huyu mke wangu anarudi na bakuli la chakula."

"Gary."

"Si ananihoji? Najibu."

"Hajakuhoji wewe."

Gary akamaliza mkate wake na kutoka. Arlette alifuta meza pale ambapo hapakuwa na uchafu.

Halafu ikaja habari ya kiti. Kila mtaa una kiti kwenye kamati ya chama, na mjumbe huchaguliwa na wanachama wa mtaa wake kwenye kura ya majira ya kuchipua. Kiti cha Namba Sita kilikuwa wazi kwa miaka tisa. Kwenye karatasi ya kura palikuwa na mstari mtupu tu, ambapo mpiga kura anaweza kuandika jina la yeyote amtakaye. Hakuna aliyewahi kuandika.

Hapo ndipo Arlette alipofanya kosa ambalo mzaliwa wa hapa asingelifanya. Aliona kiti kitupu, akadhani kinahitaji mtu.

Mjumbe mmoja wa siku nyingi, aliyeniomba nisimtaje, alinieleza mambo yalivyo. "Kiti kikiwa wazi, mwenyekiti ana haki ya kuteua mtu," alisema. "Kwa hiyo kikija kitu kizito cha kupigia kura, Leonard anamteua shemeji yake jioni hiyo hiyo. Shemeji anakuja, anakula, ananyoosha mkono, anaenda kulala. Kesho anajiuzulu. Vile viti wazi ndivyo mfuko wake. Sasa wewe unachukua kiti kimoja bila kuuliza, umeingiza mkono mfukoni kwa mtu."

Arlette hakuyajua hayo. Majira yale ya kuchipua, mwaka jana, aliwaambia akina mama wanaowasindikiza watoto pale kwenye kona. Hakuwaomba sana. Alisema tu kwamba kuna mstari mtupu, na kwamba akipata kiti ataisemea kona hii. Kumi na mmoja waliandika jina lake, na hao kumi na mmoja walitosha. Barua ya kuthibitisha ushindi ilipofika aliibandika kwenye friji, na jioni hiyo Gary alimpeleka kula samaki mjini.

Siku ya pili alipiga simu kwa mwenyekiti kumpa habari njema.

"Nani alikwambia ufanye hivi?" aliuliza Leonard Wasko.

"Hakuna aliyeniambia."

"Ndiyo shida yenyewe, mama."

Tangu siku hiyo, Arlette anasema, akiingia ofisini mazungumzo yanageuka kuwa ya hali ya hewa. Mkutano mmoja ulihamishiwa mahali pengine na yeye peke yake ndiye hakupewa taarifa. Alikaa ndani ya gari mbele ya mlango uliofungwa mpaka vioo vikaingia ukungu. Kila akiuliza kuhusu kona ya Namba Sita anaambiwa haimo kwenye ajenda. Akiuliza inaingiaje kwenye ajenda, Dolly anamwambia, mpenzi, mambo yana utaratibu wake.

Februari mwaka huu utaratibu ukaleta nafasi. Diwani mmoja alikuwa anastaafu, na kamati ilipaswa kumpitisha mrithi wake. Waliojitokeza walikuwa wawili. Wa kwanza ni Brent Wasko, mpwa wa mwenyekiti, anayeuza magari na ambaye hajawahi kusema neno baya wala zuri juu ya jambo lolote. Wa pili ni Francine Malloy, muuguzi mstaafu, ambaye alikwenda Namba Sita asubuhi moja ya theluji, akasimama na watoto mpaka basi likaja, akasema mbele ya wazazi kwamba akipita, kizuizi kile kitasogezwa.

Kamati ilikuwa imegawanyika katikati. Arlette alijua kura yake ina uzito. Hakulala vizuri wiki nzima, anasema, si kwa hofu bali kwa furaha.

Desturi ya kamati ni kula kwanza. Kila mjumbe huja na chungu chake kwenye ukumbi wa zimamoto, na vyungu vinapangwa kwenye meza ndefu: pierogi, kama sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, zinazoelea kwenye siagi na vitunguu, kabichi iliyojazwa nyama, soseji. Arlette alipika chakula cha mama yake, kuku aliyechemshwa na vipande vya unga vilivyokatwa miraba, mchuzi mzito wa manjano. Kwao wanakiita pai, ingawa hakiokwi wala hakina ukoko.

Mwenyekiti alifunua kifuniko, akachungulia.

"Hii ndiyo pai? Ukoko uko wapi? Ng'ambo ya mlima mnauza ukoko mnabaki na uji?"

Ukumbi ulicheka. Arlette naye alicheka, maana angefanya nini. Watu walikula ile pai mpaka kijiko kikaanza kukwaruza chini.

Sahani zilipoanza kurundikana, Dolly Hudak alimshika bega.

"Arlette mpenzi, hebu nisaidie na hivi vyombo. Zimamoto wanautaka ukumbi wao saa tatu, na mgongo wangu unaujua."

"Na kura?"

"Kura bado kabisa. Mpaka baada ya kahawa. Nitakuita."

Arlette akakunja mikono ya blauzi. Namuuliza kwa nini hakukataa. Anajibu kwa hasira ambayo sijui kama ni juu yangu au juu yake mwenyewe.

"Kwa sababu ningekataa wangesema si unaona, amepata kiti juzi tu tayari anajiona. Kwa sababu nimefundishwa na mama yangu kwamba ukila kwa watu unaosha. Kwa sababu alisema ataniita."

Jiko la ule ukumbi lina mlango mzito, na feni ya juu ya majiko inanguruma kama trekta. Arlette aliosha sahani, akaosha vyungu vya watu, akaanza vikombe. Akasikia makofi. Alidhani keki imetoka. Akasuuza kikombe alichokuwa nacho, akakiweka, akatoka akijifuta mikono kwa taulo.

Watu walikuwa wanavaa makoti. Brent Wasko alikuwa anashikwa mkono na kila mtu. Kura zilikuwa zimelingana, na kura zikilingana mwenyekiti ndiye anayeamua. Alikuwa ameamua.

"Na mimi?" aliuliza Arlette.

"Na wewe nini?" akasema Leonard.

"Mimi sijapiga kura."

"Sasa si ulikuwa jikoni?"

Mtu mmoja alicheka. Arlette hajui ni nani, na anasema amejaribu sana asijue.

"Hakuna aliyekufunga kamba, mama," aliongeza mwenyekiti. "Mlango ulikuwa wazi."

Alirudi jikoni kuchukua chungu chake. Ndicho chombo pekee kilichokuwa hakijaoshwa, kwa kuwa alikuwa amekiacha cha mwisho. Alikiweka kwenye kiti cha mbele cha gari, akaendesha mpaka kwake. Gary aliona chungu, akakiosha. Siku hiyo hakusema lolote kuhusu mbwa na kibaraza.

Nilimfuata Leonard Wasko kwenye duka lake la bia za jumla. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanikumbusha kwamba alimjua marehemu babu yangu.

"Siasa ni familia," alisema. "Arlette ni mtu mzuri. Lakini kuna watu wanaingia nyumba ya watu wanaanza kusogeza samani. Mimi sikumzuia. Andika hivyo."

Dolly Hudak alisema alisahau. "Kulikuwa na mambo mengi, kahawa, keki, huyu anaita, yule anaita. Kwani mimi nina vichwa vingapi?" Kisha akanishika mkono. "Tunampenda sana Arlette. Hakuna anayesugua sufuria kama yeye. Andika na hilo, mpenzi."

Nimeandika.

Jibu lililonishinda kumeza ni la Francine Malloy. Huyu ndiye aliyepoteza; kura ile moja ya Arlette ingempitisha. Nilimuuliza kwa nini hakumtafuta Arlette kabla mikono haijanyooshwa.

"Nilimwona akiingia na chungu," alisema. "Baadaye sikumwona, nikadhani ameenda nyumbani. Hapana. Ngoja niseme ukweli. Sikuwaza kabisa. Nilisahau kama Arlette ana kura. Nimezoea kumwona jikoni."

Akasema anaona aibu, na namwamini.

Nilisita kumfikishia Arlette maneno hayo. Nilipomwambia, aliyasikiliza akiwa amesimama, mikono mfukoni, akitazama dirishani.

"Unaona?" alisema hatimaye. "Leonard anajua nina kura. Ndiyo maana nilikuwa jikoni. Hao wengine ndio hawajui."

Swali ambalo kila mtu anamuuliza, kuanzia Chester hadi mumewe, ni kwa nini hajatoka. Anaweza kurudisha kiti kesho. Angepata jioni zake, petroli yake, na usingizi. Jibu lake ni fupi.

"Nikitoka, kiti kinarudi mfukoni kwa Leonard. Miaka tisa kilikuwa humo. Watoto walisimama pale pale miaka yote tisa."

Mwishoni mwa Septemba Dolly alipiga simu, kama anavyopiga kila mwaka. Sauti ilikuwa tamu. Mabango ya Brent yamefika, alisema, mazuri kweli, yana picha yake, na kwa upande wa Namba Sita nani atayapigilia kama si Arlette? Wengine wana magoti mabaya.

Arlette akaenda kuyachukua. Gary aliyaona yamejaa nyuma ya gari, Brent kwa Brent, wote wakitabasamu, akaingia ndani akafunga mlango bila kuubamiza. Mimi mwenyewe nilipoyaona nilishindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba hata unyenyekevu una mpaka.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Leta glavu."

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa tatu asubuhi, tupo kwenye kona ya Namba Sita. Jua limetoka lakini halina joto. Arlette anatembea ukingoni mwa barabara huku amekumbatia mabango, anapima kwa macho, anarudi nyuma, anapima tena. Anaanzia mbali, mahali ambapo kona haijaanza kuonekana. Anapigilia la kwanza. Anasogea kidogo, la pili. Anapigilia kwa mapigo mafupi, nyundo ile ile, bila kupumzika.

"Si ungeyatawanya?" namuuliza. "Moja hapa, moja kwa jirani?"

"Nimeambiwa upande wa Namba Sita. Hapa ni Namba Sita."

Yanaendelea hivyo kwa mstari mmoja, Brent baada ya Brent, mpaka karibu na pale watoto wanaposimama. Hapo anaacha. Mbele ya watoto haweki hata moja, kwa kuwa dereva lazima awaone. Kisha anasimama kando, ananiambia nisimame naye, tusubiri.

Lori la kokoto linakuja kwa kishindo cha kawaida. Dereva analiona bango la kwanza, la pili, la tano. Lazima anajiuliza kuna nini huko mbele, mkutano, ajali, au wazimu. Taa za breki zinawaka. Lori linaingia kwenye kona taratibu kama gari la harusi.

Arlette hatabasamu. Anasubiri la pili. Nalo linapunguza.

"Mwaka wa sita huu nakipigilia chama mabango," anasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza yamefanya kazi."

Simu yake inalia. Ni Dolly, na sauti yake inasikika hadi niliposimama. Leonard amepita hapo sasa hivi, anasema. Ameyaona. Amefurahi mno, hajawahi kuona mtaa uliopigwa mabango vizuri namna hiyo, Brent mwenyewe ataambiwa.

"Mwambie asante," anasema Arlette, na kukata.

Leonard alipita hapa, basi, bila sisi kumtambua, akapunguza mwendo kama malori, na alichoona ni jina la ukoo wake tu. Namwangalia Arlette nione kama ataangua kicheko. Anaokota vipande vya plastiki vilivyofungia mabango na kuvitia mfukoni.

Namuuliza kuhusu Februari ijayo, maana kamati itakaa tena. Anasema atakuwepo. Atakuwa ameshakula nyumbani, hatakuja na chungu, na atakaa kiti cha mbele akiwa amevaa koti, vifungo vimefungwa hadi juu. "Atakayetaka niende jikoni anivue kwanza hilo koti," anasema.

Lakini Februari ni mbali, na uchaguzi ni mwezi ujao. Sheria ya kitongoji inasema mabango yote lazima yaondolewe ndani ya wiki moja baada ya kura, na wa kuyaondoa ni mgombea. Miaka yote hiyo mgombea maana yake ilikuwa Arlette na gari lake. Namkumbusha hilo. Namuuliza kama Novemba atakuwa hapa na nyundo kuyang'oa haya yote.

Anaangalia ule mstari mrefu wa nyuso za Brent, kisha anaangalia kile kijisehemu kilicho kati ya rangi nyeupe na chuma, ambapo nyasi hazioti kwa sababu ya miguu ya watoto.

"Haya siyagusi," anasema. "Waje wenyewe. Leonard aje, Brent aje, na Dolly na mgongo wake. Nitawaambia waje saa moja asubuhi, ndiyo saa nzuri. Wasimame pale, wainame, wang'oe moja moja, na malori yakiwapita mgongoni."

Anaweka nyundo kwenye kiti cha mbele cha gari na kuifungia mkanda.

"Mimi nitakuwa kwenye basi," anasema. "Nitawawashia taa nyekundu."